Taa ya mkopo, balbu yetu

Baba yangu alikuwa mtoza ushuru katika soko la Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, enzi zile mji ungali manispaa na idara nzima ya mapato ilitosha kwenye meza moja, kiti na sanduku la chuma. Jioni alirudi na kitabu cha risiti kwapani, vidole vimegeuka buluu kwa karatasi ya kaboni, akaketi mkekani na kuhesabu kwa sauti. Sisi watoto tulijua mji una shilingi ngapi kabla ya meya. Wiki ambayo samaki wa Panyimur na Rhino Camp walichelewa, mji ulikuwa na njaa. Wiki ambayo Wakongo walivuka kutoka Aru na Ariwara na madebe ya mawese na marobota ya vitenge, mji ulishiba, na Baba alirudi na nyama. (Nyama ilikuwa ya mshahara, msinitazame hivyo. Siku hizo mshahara wake ulitoka kwenye makusanyo hayohayo. Yakikosekana, naye anakosa.)

Sasa ni mzee, macho yamepungua, lakini hesabu hazijamtoka. Nilipomweleza kwamba nimehudhuria mkutano wa bajeti ya jiji, hakuuliza nani alikuwepo wala tulikula nini. Aliuliza: "Fungu la matengenezo ni shilingi ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa ukumbini saa nne nzima, nikaandika kurasa sita, na hilo sikulishika.

Kwa asiyejua utaratibu wetu: mwaka wa fedha Uganda unaanza 1 Julai na kufungwa 30 Juni. Kila serikali ya mtaa, iwe wilaya au jiji, hufanya mkutano wa bajeti kati ya Oktoba na Novemba, ili wananchi waseme wanataka nini. Rasimu inazunguka kwenye kamati, na kabla ya 31 Mei baraza linatakiwa liwe limeipitisha. Juni, Waziri wa Fedha anasoma bajeti ya taifa zima Kampala. Mwaka 2024/25 ilikuwa trilioni 72 na kitu. Ukikaa Oli, mtaa wa hapa Arua, ukasikia trilioni 72 redioni, unatoka nje kutazama kama kuna chochote kimedondoka barabarani kwenu.

Ukumbini kulikuwa na viti vya plastiki, soda, na majedwali ya Kiingereza yanayoangazwa ukutani kwa herufi ndogo kama chawa. Afisa alieleza kwa Kiingereza, mwingine akageuza kwa Kilugbara, na wachuuzi waliposimama kuuliza, waliuliza kwa Kiswahili, hiki chetu cha Arua kisichojali ngeli, tulichorithi kwa wanajeshi, madereva na wafanyabiashara wa mpakani. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Vizuri. Ningependa kianzie kwenye majedwali ya bajeti, maana pesa ndiyo mada pekee ambayo mtu wa Arua hataki kutafsiriwa nusunusu.

Zikasomwa ndoto: lami zaidi, mifereji, madarasa, vituo vya afya, mahali pa kutupa taka. Watu wakapiga makofi, mimi nikiwemo. Ndipo akasimama Hajati mmoja ninayemfahamu kwa sura, anauza chapati usiku kando ya barabara.

"Bwana mwenyekiti, asalaam aleikum. Hizi taa za jua ni nzuri, Mungu awazidishie walioleta. Mimi nauza chapati chini ya taa moja. Siku ikifa, nani atabadilisha balbu?"

Ukumbi ukacheka. Hajati hakucheka. Jibu lilikuja kwa adabu zote: suala limechukuliwa, litashughulikiwa kadiri fedha zitakavyopatikana. Mwenye maikrofoni akapita kwa mtu mwingine, aliyetaka kujua lini tutapata uwanja wa mpira wa kisasa, na ukumbi ukachangamka upya.

Fundi mmoja rafiki yangu anasema balbu yenyewe hukaa miaka. Kinachokufa kwanza kwenye taa za jua ni betri, na betri ndiyo ghali. Kwa hiyo Hajati aliuliza swali la bei rahisi, na hata hilo halikujibiwa.

Taa hizo zina historia. Mwaka 2013 serikali ilianza mradi wa miundombinu ya manispaa ambao sisi wote tunauita USMID, kwa mkopo wa dola milioni 150 kutoka Benki ya Dunia, kwa manispaa 14: Arua, Gulu, Lira, Soroti, Moroto, Mbale, Tororo, Jinja, Entebbe, Masaka, Mbarara, Kabale, Fort Portal na Hoima. Mwaka 2018 ukaongezwa mkopo mwingine mkubwa zaidi, manispaa zikafika 22, na wilaya zinazopokea wakimbizi zikaingizwa. Aliyeijua Arua ya zamani anajua mradi ule ulifanya nini. Barabara za katikati ya mji, zilizokuwa vumbi jekundu kiangazi na uji masika, zikapata lami, njia za waenda kwa miguu, mifereji iliyofunikwa na taa. Mama yangu aliwahi kupoteza kiatu kwenye matope ya mjini na hakukipata tena. Leo ungekipata, kimesimama safi juu ya sementi.

Jambo moja la werevu katika mradi ule ni kwamba pesa hazikuja bure. Kila mwaka manispaa zilikaguliwa: mna mipango? mnafunga hesabu? mapato yenu ya ndani yanakua? Aliyefaulu alipata zaidi. Kwa mara ya kwanza niliona maofisa wakihangaikia karatasi zao kama wanafunzi wa darasa la saba.

Lakini wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mkopo hujenga, hauzibui mfereji mwaka wa sita. Hilo liliachwa kwetu, na ni haki lilivyoachwa. Swali la Mzee, yaani Baba, ni kwamba tulijiandaa wapi. Kisha Agosti 2023 Benki ya Dunia ikatangaza kwamba inasimamisha mikopo mipya kwa Uganda, kwa sababu ya sheria iliyopitishwa mwaka ule dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, na hadi kusimamishwa huko kuondolewa 2025, miji yote iliyozoea kungojea mradi unaofuata ilijifunza maana ya kungojea. Sitaki kuingia kwenye sheria yenyewe hapa. Nasema tu kwamba mfereji wa Arua uligundulika kuwa umefungwa kamba inayopita Kampala na kuishia Washington, na mwenye kuishika kamba hajui hata mfereji uko wapi.

Katikati ya hayo, tukapandishwa cheo. Bunge lilipitisha miji mipya Aprili 2020, na 1 Julai 2020 Arua ikaamka jiji, pamoja na Gulu, Mbarara, Jinja, Mbale, Masaka, Fort Portal na nyingine. Ilikuwa wakati wa korona. Hakuna aliyecheza ngoma. Tulikuwa ndani, mpaka wa Kongo umefungwa kwa abiria, na boda boda zilibeba mizigo tu. Nilisikia habari redioni nikiwa naosha vyombo, nikamwambia mume wangu, "Baba Amina, sisi ni watu wa jiji sasa," akasema, "Basi jiji lilete sabuni."

Ili Arua itoshe kuitwa jiji iliongezewa eneo. Sabukaunti za kaunti ya Ayivu zilizokuwa za wilaya, kama Adumi, Aroi na Manibe, zikaingizwa ndani ya mipaka. Ukiendesha boda kutoka Avenue Road kwenda huko, muda mrefu utakuwa unapita mihogo, tumbaku na mbuzi, na bado uko jijini. Shemeji yangu ana shamba upande huo. Bei ya ardhi ilipanda mwezi uleule. Madalali walifika kabla ya maofisa. Swali lake lilikuwa moja: "Muhogo wa jiji unatozwa?"

Nilimcheka, lakini nilipoulizia nikakuta kuna jambo chini yake, na ni jambo ambalo sijasikia wanasiasa wakilisema hadharani. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa, sabukaunti ya kijijini hubaki na asilimia 65 ya mapato inayokusanya na kupeleka 35 wilayani. Na katika ile 65, sehemu hurudi hadi kwenye halmashauri ya kijiji. Divisheni ya jiji, ambayo ndiyo inashika nafasi ya sabukaunti, hubaki na asilimia 50 na kupeleka 50 juu. Maana yake ni kwamba mtu wa Adumi alilala mwanakijiji, akaamka mwanajiji, na sehemu ya ushuru wake inayobaki karibu naye ikawa ndogo zaidi. Alipewa jina, akatolewa chenji.

Tena majiji haya mapya hayana sheria yao. Kampala ina yake, ya mwaka 2010, na mamlaka yake yanakaa karibu na sufuria ya serikali kuu. Sisi wengine tunaendeshwa kwa sheria ileile ya mwaka 1997 inayoendesha wilaya na miji midogo. Cheo cha jenerali, sare ya koplo.

Sasa, pesa zenyewe. Kubwa kuliko zote zinatoka serikali kuu, na karibu zote zinakuja zimeandikwa jina. Hizi ni mishahara ya walimu. Hizi ni za wauguzi. Hizi ni za darasa hili katika shule hii. Huwezi kuchukua ya darasa ukazibe shimo, hata kama watoto wanaangukia kwenye shimo wakienda darasani. Ipo ruzuku ya maendeleo yenye uhuru kidogo, lakini nayo ina masharti yake. Tangu mwaka wa fedha 2023/24 kila wilaya, manispaa na jiji limekuwa likitengewa shilingi bilioni moja kwa ajili ya barabara. Bilioni moja ukiitamka polepole inajaza mdomo. Ukiigawa kwa barabara za maramu, zisizo na lami, kutoka mjini mpaka Aroi, greda inanguruma siku chache, dizeli inakwisha, mvua ya Agosti inakuja kusaini kazi.

Na pesa hizo hugawanywa kwa robo mwaka. Robo ya mwisho ikichelewa, na zabuni nazo zikachelewa kama kawaida yake, inafika Juni watu wanakimbia. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015 inataka kilichobaki bila kutumika 30 Juni kirudi kwenye Mfuko Mkuu wa serikali kuu. Ndiyo maana mkiona kalavati zinashushwa kwenye lori kwa pupa mwishoni mwa Juni, mvua ikinyesha, msidhani wahandisi wamerogwa. Ni kalenda.

Zinabaki za kwetu: leseni za biashara, ushuru wa soko, maegesho, kodi ya hoteli, kodi ya majengo ya biashara, kodi ya huduma za mitaa. Hizi ndizo hazina jina juu yake. Hizi ndizo zingenunua betri ya Hajati. Na hizi ndizo hazipo.

Wazee wanakumbuka kodi ya kichwa, ile ya gradueti. Wanaume wa kijijini kwa mama yangu walikimbilia porini machifu walipokuja, na asiyekuwa na tiketi alilala rumande. Ilikuwa kodi ya aibu na ukatili, sililii kifo chake. Ilifutwa mwaka 2005, miezi michache kabla ya uchaguzi wa Februari 2006, na mtu yeyote anaweza kuziweka tarehe hizo mbili pamoja. Mwaka 2006 tena, nyumba anayoishi mwenyewe mwenye nyumba ikasamehewa kodi ya majengo. Ilikuwa huruma, na ilikuwa kura. Katika mji kama wetu, ambako watu wengi wanaishi kwenye ardhi ya ukoo katika nyumba zao wenyewe, msamaha huo ulifuta sehemu kubwa ya daftari. Ghorofa ya mkubwa, yenye geti la umeme na mbwa wawili, kama analala humo, hailipi kitu. Mjane aliyepangisha vyumba viwili vya mbele apate karo, anaweza kuandikiwa.

Badala ya kodi ya kichwa ikaja kodi ya huduma za mitaa. Ngazi yake ya juu ni shilingi 100,000 kwa mwaka, kwa anayepata zaidi ya milioni moja kwa mwezi. Kwa mwaka, nasema. Wanajeshi, polisi na magereza wamesamehewa, na mji wa mpakani kama huu una watu wengi wa sare. Laki moja hiyo ni kama chapati moja ya Hajati kila baada ya siku tatu au nne.

Halafu kuna hili la kuchekesha, kama una moyo wa kucheka. Mwaka wa fedha 2019/20 ikatoka amri kwamba mapato ya ndani ya serikali za mitaa yapelekwe kwanza kwenye Mfuko Mkuu Kampala, kisha yarudishwe. Nilimsimulia Mzee. Alinyamaza, akasema: "Kwa hiyo ushuru wa mwenye kuuza nyanya Arua unapanda basi usiku kucha, unavuka Pakwach, unalala Kampala, ndipo urudi kufagia soko la nyanya?" Ndiyo, Mzee. "Na nauli analipa nani?"

Sheria inasema pia kwamba posho na malipo ya madiwani yasizidi asilimia 20 ya mapato ya ndani ya mwaka uliotangulia. Ni kanuni nzuri: diwani akitaka posho, asaidie mji ukusanye. Lakini diwani huyohuyo anataka kura, na kura ziko kwa wachuuzi wasiotaka kutozwa. Nimemsikia mmoja kwenye msiba, akiwa bado anachanganya sukari kwenye chai, akiwaambia vijana wa boda wasilipe chochote mpaka aseme yeye. Wiki iliyofuata alilalamika kwamba vikao vimepungua.

Nimefika mahali pa kujitaja mwenyewe, na ningependa kupapita haraka.

Nina duka la vitenge. Kwa miaka miwili mfululizo sikulipa leseni kwa wakati. Mwaka wa kwanza ilikuwa korona, kila mtu alikuwa na kisingizio na mimi nilikuwa nacho cha kweli. Mwaka wa pili nilikuwa na pesa. Nilimwona kijana wa mapato anakuja na daftari, nikamwambia binti wa dukani aseme mama kasafiri. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshika kikombe. Mtoto wa mtoza ushuru! Namkumbuka Baba akirudi na shati lililochanika kola kwa sababu muuza mbuzi alikataa kulipa. Na mimi nimejificha nyuma ya kitenge nilichokuwa nakiuza. Nilijiambia: nikilipa watanifanyia nini? Barabara ya mtaani kwetu ipo vilevile.

Barabara ya mtaani kwetu. Ni ya maramu, inateremka kuelekea bondeni, na maji ya mtaa mzima yanapita humo. Mvua moja ya Septemba, ya saa mbili tu, ilichimba pembeni hadi bomba la maji likaonekana kama mfupa. Lori la mkaa likazama gurudumu la nyuma. Mwenyekiti wa LC1, yaani halmashauri ya mtaa, aliitisha kikao chini ya mwembe, na hakuna aliyependekeza kuandika barua. Hilo lilinishangaza baadaye, lakini pale pale lilionekana la kawaida kabisa. Tulichangishana. Mwenye gesti alitoa kalavati mbili zilizobaki kwenye ujenzi wake. Mwalimu Msudani wa Kusini anayepanga nyuma ya msikiti alitoa elfu hamsini, zaidi ya baadhi ya wenye nyumba zao. Wengi kama yeye wameandikishwa kwenye kambi za wakimbizi za Rhino Camp au Imvepi na wanaishi mjini. Wanapanga, wananunua, wananywa maji yetu, na barabara wanaitumia kama sisi. Vijana walichimba Jumamosi mbili. Mimi nilitoa elfu themanini na sufuria ya maharage.

Nikapiga hesabu usiku ule: nilichotoa kwa mtaa katika wiki mbili hakikuwa mbali sana na leseni niliyokuwa nimeikimbia. Na nilikitoa kwa furaha! Niliona kalavati ikishuka. Kuna mtu atasema basi watu wachangishane kila mtaa, serikali ipumzike. Huyo hajaona mtaa wa pili kutoka kwetu, ambako hakuna gesti wala mwenye duka. Maji tuliyoyapitisha kwa kalavati zetu mpya yalikwenda kwao. Yaliingia jikoni kwa watu. Hatukuwa na mhandisi wa kutuambia kwamba mfereji lazima uwe na mwisho.

Mfereji wa mji ni mmoja. Hauwezi kujengwa kwa michango ya waliojaliwa.

Wakati huohuo, tangu uzinduzi wa Februari 2022, Mpango wa Maendeleo ya Parishi unapeleka shilingi milioni 100 kwa mwaka kwa kila parishi, eneo la utawala lililo chini ya sabukaunti, na kata za majiji zimo, ili kaya zikopeshane kwa riba ndogo zifuge na kulima na kufanya biashara. Nawajua waliofanya la maana: jirani alinunua nguruwe, wamezaa. Siyapingi. Naona tu kichekesho chake: katani kwetu kuna milioni 100 za nguruwe na kuku, na hakuna elfu mia tano ya kuzibua mtaro unaofurika kwenye banda la nguruwe huyo.

Methali ya ufa na ukuta kila mtoto wa shule anaijua. Katika bajeti zetu ukuta una fungu, una bango lenye nembo, una siku ya kukata utepe. Ufa hauna fungu. Hakuna waziri aliyesafiri kutoka Kampala kuja kuzindua koleo.

Chukua soko. Soko kuu la Arua lilijengwa upya kwa ghorofa chini ya mpango wa serikali wa masoko, fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, awamu moja na Soroti, Moroto, Tororo, Mbarara, Masaka na miji mingine. Ni jengo la kujivunia. Ila soko la zamani la Baba lilikuwa mabati na miti. Bati likitoboka, alipanda fundi na misumari. Soko la ghorofa lina pampu, vyoo vya kuvuta maji, nyaya, ngazi, matangi, bili ya umeme na bili ya maji kila mwezi. Na kote nchini masoko ya ghorofa yana ugonjwa mmoja: mteja hapendi kupanda na kikapu. Mwenye meza ya juu anakaa wiki, anaona wateja wanaishia chini, anachukua nyanya zake anashuka kuzitandaza barabarani, mahali ambapo halipi. Ushuru unapungua, bili hazipungui. Siwezi kumlaumu, mimi nisingepanda. Lakini aliyechora angeuliza wamama wa nyanya kabla ya kuchora, angejenga chini, mapana, na paa zuri, na gharama ya kulitunza ingekuwa nusu.

Ya taka nitayasema kwa ufupi kwa sababu yananitia hofu. Tarehe 10 Agosti 2024 jalala la Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, liliporomoka juu ya nyumba za watu na kuua zaidi ya 30. Jalala halikujaa siku moja. Lilijengwa kwa kila bajeti iliyosema tutalishughulikia mwakani, na Kampala ina pesa kuliko sisi. Jiji lililoongezewa kaunti nzima bila kuongezewa malori ya taka linapaswa kulitazama jina Kiteezi kila asubuhi.

Ningekuwa na sauti kwenye mkutano ule, mbali ya kupiga makofi, ningeomba jedwali moja liongezwe: kila kitu tulichojengewa tangu 2013, na pembeni yake shilingi zinazohitajika kukitunza mwaka huu, na pembeni tena shilingi zilizotengwa. Safu mbili tu za shilingi, kwa Kiswahili na Kilugbara, libandikwe sokoni kwenye nguzo anayoegemea Hajati. Ningeomba pia baraza lithubutu kutamka neno kodi ya majengo mbele ya wenye majengo. Hilo la pili najua halitatokea mwaka wa kampeni, na kwetu kila mwaka unakaribia kuwa wa kampeni.

Leseni yangu nimelipa. Sikujificha safari hii. Nilipewa namba, nikalipa kwa simu, ujumbe ukaingia kabla sijamaliza kumpimia mteja yadi tatu. Hakuna kaboni, hakuna vidole vya buluu. Jioni nikampelekea Mzee karatasi, nusu kwa kujitetea na nusu kwa kujivuna, maana pazia lile nilikuwa nimemsimulia na hakulisahau.

Aliisogeza karibu na macho, akaisoma kama anavyosoma kila karatasi, kutoka chini kwenda juu. Akaniuliza duka liko barabara ipi. Nikamwambia, analijua. Akaniuliza limeandikwa daraja gani. Sikujua kwamba mitaa ina madaraja.

"Ina," akasema. "Barabara hiyo ni daraja la juu. Wamekuandikia daraja la barabara ya nyuma, na wamekuandika muuza rejareja, na robota zima unawauzia Wasudani mchana kweupe." Akanirudishia karatasi. "Wamekutoza kidogo. Rudi kesho uwaambie."

Hiyo ilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita. Sijarudi bado.